Aliyekuwa Macho Peke Yake

Nchi ya Utakaso haipo. Heri hilo lisemwe mapema, maana wako watu wepesi wa kununa, na ziko nchi nyepesi za kujiona zimetajwa. Haimo kwenye ramani, haina balozi popote, wala haijawahi kumkamata mtu yeyote unayemfahamu. Msomaji akiona ndani yake sura aliyoizoea, basi hayo ni macho yake mwenyewe, ayashughulikie huko huko kwao.

Watu wake walitoka ng'ambo, nchi ya baba zao, ambako walichoshwa na ngoma, na harusi za vicheko, na wanawake wenye kuvaa rangi. Wakapanda merikebu, wakavuka bahari wakitapika na kushukuru, mpaka wakafika pwani moja ya baridi na misitu. Wakapiga magoti mchangani, wakamshukuru Mungu kwa kuwapa nchi isiyo na mtu. Wenyeji wa nchi hiyo walikuwa wamesimama hapo hapo kando, wanawatazama. Sala ilipokwisha, wageni wakawaomba wenyeji wasogee ng'ambo ya mto, ili nchi iwe haina mtu kama ilivyokwisha kusemwa. Wenyeji wakasogea. Tena waliwaachia mbegu za maboga kwa huruma, maana wageni wenyewe walikuwa mifupa mitupu.

Wakubwa wa Utakaso walijipa majina ya sifa njema. Gavana aliitwa Unyenyekevu, na ole wake atakayesahau kumwita Mheshimiwa. Huyo huyo ndiye aliyekuwa Jaji Mkuu. Akivaa kofia ni Gavana, akiivua ni Jaji, na raia asiyeridhika na hukumu ya Jaji alikuwa na haki kamili ya kukata rufaa kwa Gavana. Kofia ilivaliwa, rufaa ikatupwa, kofia ikavuliwa. Haki ilikuwa ya haraka sana katika nchi ile.

Sasa, katika nchi hiyo aliishi bwana mmoja jina lake Obadia, mwenye cheo kisichopatikana kwingine: alikuwa Mwamshaji. Kila Jumapili alisimama ndani ya jumba la ibada ameshika fimbo ndefu. Upande mmoja wa fimbo ulifungwa manyoya ya bata, upande wa pili ulikuwa na rungu dogo la mti mgumu. Dada akisinzia, hupitishiwa manyoya puani. Ndugu akisinzia, hugongwa kisogo. Kulala wakati wa mahubiri lilikuwa kosa la kutiwa mkatale, yaani kukalishwa uwanjani na miguu imebanwa katika ubao wenye matundu, watu wazima wakupite wakitikisa vichwa na mbwa wakunuse.

Lakini mkatale ulikuwa umeota ukungu, kwa sababu kwa taarifa za serikali hakuna raia aliyewahi kulala. Mahubiri ya Mchungaji Jihadharini yalianza umande haujakauka, yakaisha mbuzi wakilia kutaka kukamuliwa, na serikali ilikuwa imekwisha kutamka kwamba hayachoshi. Obadia peke yake ndiye aliyejua mambo. Aliwaona wote kutoka kule nyuma. Alijua kwamba Gavana hulala amekunja uso kama mtu anayefikiria kodi mpya. Alijua kwamba jirani yake, Bi Tubuni, hulala huku anaitikia kwa kichwa, mpaka Mchungaji humsifia. Alijua mikoromo ya kweli na mikoromo ya kujikohoza, na alijua kope la mtu aliyelala na kope la mtu aliyefumba tu. Hata Amina ya mwisho aliijua: ilikuja vipande vipande, kwanza benchi la mbele, halafu waliopigwa kiwiko na wenzao, halafu mmoja wa mwisho kabisa, wenzake wakiwa wameshavaa kofia.

Hakuripoti hata mmoja. Alikuwa mtu mpole, na kwa wakubwa alikuwa mpole zaidi. Gavana hakumgonga kamwe; alimpangusa kwa manyoya, taratibu, kana kwamba anamtoa vumbi.

"Wewe kazi yako si kuamsha watu," mkewe Zipora alimtania. "Kazi yako ni kuwafunika shuka."

"Punguza sauti, mke wangu."

"Nipunguze ya nini? Nao wamelala!" Na Zipora akacheka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa, na kwa maisha ya Utakaso ilikuwa afadhali iwe kinyume chake. Obadia alimpenda kwa kicheko hicho hicho, na alifunga dirisha kila kilipoanza.

*

Maafa yalianza Siku ya Shukrani. Siku hiyo watu walikula kwanza, ndipo wakahubiriwa, na hapo ndipo palipokuwa na kosa, kama kosa lilikuwepo. Waliletewa maboga ya kuchemsha, maboga ya kuoka, uji wa shayiri wenye maboga ndani yake, na nyama ya bata mzinga inayodondoka mafuta. Wakala mpaka vifungo vikalia. Ndipo wakaingia jumba la ibada, milango ikafungwa, jua la alasiri likapiga madirishani, na Mchungaji Jihadharini akapanda mimbarini akatangaza somo lake: wajibu wa kukesha.

Bi Tubuni alitangulia, akiitikia. Akafuata Gavana na uso wake wa kodi. Benchi kwa benchi vichwa viliinama. Obadia alichukua fimbo ili aanze mzunguko, akaona atulie kidogo aiegemee, na hapo alipoiegemea ndipo alipobaki. Mimbarini Mchungaji naye alifika kwenye maneno "kwa maana hamjui ni saa ngapi," akalaza shavu juu ya Kitabu, na kutoka hapo hakuna aliyejua ni saa ngapi.

Zipora tu ndiye aliyebaki macho. Alikuwa na jino bovu, gego la nyuma, lililokuwa limemtesa wiki nzima, naye amejifunga kitambaa taya zima. Mtu mwenye jino kama lile halali hata ukimlipa. Akakaa akiwatazama wenziwe: taifa zima la watakatifu limelala usingizi wa pono, midomo wazi. Kisha akaona mkoromo wa Mchungaji unainua ukurasa wa Kitabu na kuushusha, unauinua na kuushusha. Maskini Zipora, alijibana. Aliuma kitambaa. Halafu kicheko kikamponyoka.

Kicheko kile kiliwaamsha wote kwa mpigo. Wakafumbua macho wakakuta jambo la kutisha kuliko simba: mwanamke mmoja yuko macho, anacheka, na wao wote wametokwa na udenda.

Kila mtu alielewa papo hapo. Ikiwa wamelala, wote ni wa mkatale, kuanzia Gavana hadi mchunga nguruwe, na Mchungaji atangulie. Mkatale wenyewe ulikuwa mmoja, wenye matundu mawili. Kwa hiyo hawakuwa wamelala.

Mchungaji Jihadharini alijifuta shavu, lililokuwa na maandishi ya Kitabu yamegeukia upande, akanyoosha kidole kumwelekea Zipora.

"Ndugu zangu," alisema, na sauti ikamtetemeka kwa jinsi alivyotulizwa na wazo lake mwenyewe. "Hatukulala. Tulilazwa!"

"Amina!" wakajibu, na machozi ya shukrani yakawatoka. Hakuna aliyetaka kuuliza zaidi.

Obadia alikuwa bado ameegemea fimbo yake. Alama ya fimbo ilikuwa imechorwa kwenye paji lake la uso.

*

Utakaso haikuwa na jela. Waasisi walikuwa wamesema kwamba nchi safi haihitaji jela, kwa hiyo Zipora alifungwa katika ghala la maboga, mnyororo mguuni, akaegemea mboga. Na jino linauma.

Uchunguzi ulifanywa kwa uangalifu mkubwa. Mchungaji alikwenda ghalani akamhubiria mshtakiwa mahubiri yale yale tangu mwanzo, kwa kanuni ya wazi: asipolala, ni ushahidi kwamba usingizi wa watu wema haumpati, akilala, ni ushahidi kwamba anaigiza. Zipora hakulala. Alipoulizwa kwa nini, alisema jino. Basi likaitwa baraza la waganga watatu, wakachungulia mdomoni kwa mshumaa, wakatoka wamepauka.

"Lina tundu," alisema mkubwa wao. "Na tundu, Mheshimiwa, ni njia."

Wakaling'oa kwa koleo la mhunzi. Jino likawekwa ndani ya bakuli lenye kifuniko, likasomewa mashtaka, likaitwa Kielelezo cha Kwanza, na askari mmoja akapewa kazi ya kulilinda. Zipora naye, baada ya wiki nzima ya mateso, alipotolewa jino alilala palepale chini, katikati ya mahubiri ya pili. Mtu mwingine yeyote angeona hapo kisa kizima. Gavana Unyenyekevu alivua kofia akawa Jaji, akasema kwamba ni kweli uchawi ulikuwa jinoni, lakini jino haliendi kanisani bila mdomo.

Wakati huohuo neema ilikuwa imefunguliwa. Sheria ilisema anayekiri uchawi amesamehewa, mradi ataje wenziwe, anayekana ananyongwa. Bi Tubuni alikiri kabla ya kuulizwa. Alisimama uwanjani na kilemba kipya cheupe, akalia vizuri sana, akasema kwamba Zipora alimjia kwa umbo la bata akamfundisha kulaza watu, na akataja majirani wawili wenye bustani nzuri. Majirani wale nao wakakiri asubuhi iliyofuata, wakataja wengine. Kila aliyekiri alipewa kiti cha mbele kanisani. Kufikia mavuno ya mwisho, benchi la mbele halikutosha, na wachawi waliosamehewa walianza kulalamika kwamba wanakalishwa nyuma na watu wasio na ushuhuda wowote.

Katika nchi nzima mtu aliyesema "mimi si mchawi" alikuwa mmoja tu, naye amefungwa kwa uchawi.

*

Obadia alimpelekea mkewe uji. Askari wa mlangoni alikuwa anachunga bakuli la jino kwa makini, hakujali mengine.

Zipora alikuwa amekonda, shavu limevimba upande mmoja, lakini macho yake yalikuwa yale yale. Alimtazama mumewe mpaka Obadia akainamisha kichwa.

"Kiri, mke wangu," Obadia alinong'ona. "Nakuomba. Bi Tubuni amekiri, mbona yuko kwake anakaanga vitumbua? Sema maneno mawili urudi nyumbani."

"Nikiri nini?"

"Chochote."

"Na nimtaje nani? Nimtaje nani, Obadia, wakamfunge mnyororo huu?" Aliutikisa, maboga yakayumba. "Mimi nilichofanya ni kuumwa jino. Sasa nisikilize. Wewe kesho unaitwa shahidi. Unawaona kila Jumapili. Waambie tu ukweli: walilala. Walilala kwa sababu wameshiba na mahubiri ni marefu."

Obadia aligeuka kuangalia mlango. "Zipora! Neno hilo halijawahi kusemwa katika nchi hii."

"Basi wewe utakuwa wa kwanza. Si ulipenda cheo?"

Alitaka kucheka, ila taya ilimuuma. Badala yake akamshika mkono. Mikono yake ilikuwa baridi kama chuma.

"Naogopa, mume wangu," alisema. "Wanadhani siogopi kwa sababu nilicheka. Ule mti wameuchonga hapo uwanjani, nausikia ukipigwa misumari. Sema, tafadhali. Sina mtu mwingine anayejua."

"Nitasema," Obadia akasema. Na wakati anasema hivyo alikuwa na nia kabisa.

*

Mahakama ilijaa. Jaji Mkuu Unyenyekevu aliweka kofia yake kwenye kiti cha pembeni, ili Gavana naye awe amehudhuria.

"Ndugu Mwamshaji," alianza, "Mahakama hii tukufu, ambayo haina haraka wala upendeleo na ambayo imeshamwagiza fundi amalize mti wa kunyongea kabla ya Ijumaa, inataka jibu moja jepesi. Siku ile ulilala, hukulala, au ulilazwa?"

Obadia alisimama na fimbo yake. Aliangalia kulia, akaona mkatale umesuguliwa, ukungu umetolewa. Aliangalia kushoto, dirishani, akaona mti mpya na kitanzi. Akafanya hesabu yake. Akisema alikuwa macho, basi naye ni mchawi, tena walikuwa wawili. Akisema alilala, yeye Mwamshaji, mkatale ni wake na cheo kwaheri. Na akisema kwamba wote walilala, na kwamba wamekuwa wakilala kila Jumapili tangu merikebu itie nanga, basi angekuwa amesema neno dhidi ya Mchungaji, Gavana, Jaji na taifa, na adhabu ya hilo haikuwa imetungwa bado, maana hakuna aliyedhani mtu angethubutu.

Zipora alikuwa kizimbani. Alimwitikia kwa kichwa, kidogo, kama mtu anavyomtia moyo mtoto anayejifunza kutembea.

Obadia alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale ulimini. Halafu Bi Tubuni kwenye benchi la mbele akakohoa, na Jaji akakunja uso.

"Nililazwa, Mheshimiwa," alisema.

Mahakama ikashusha pumzi kwa pamoja. Watu walikumbatiana. Mchungaji Jihadharini alifungua mikono akasema kwamba uchawi wenye nguvu za kumlaza hata Mwamshaji ni uchawi wa hali ya juu, na kwamba Utakaso sasa inajulikana kuwa nchi inayoogopwa na shetani. Zipora alikuwa bado anamtazama mumewe, na kichwa chake kilikuwa kimeacha kuitikia. Obadia alitamani ardhi ipasuke. Ardhi ilikuwa imara.

Rufaa ilisikilizwa hapo hapo. Kofia ilivaliwa, kofia ikavuliwa.

Kisha Gavana alimwita Obadia pembeni, akamwahidi fimbo mpya yenye rungu la shaba nyeupe, ikiwa Ijumaa atahakikisha kwamba hakuna raia anayelazwa tena. "Tunaielewa huzuni yako," alimwambia. "Lakini taifa linakutegemea uwe mkakamavu." Obadia akasema asante, Mheshimiwa.

*

Katika Utakaso kunyonga mtu ni ibada, na ibada haikosi mahubiri. Tena mahubiri ya Siku ya Shukrani hayakuwa yamemalizwa, na sheria ilisema mahubiri yaliyoanzwa lazima yafike mwisho. Basi Mchungaji akatangaza kwamba atayarudia kutoka mwanzo, uwanjani, mshtakiwa akiwa juu ya ngazi, na yakifika Amina ngazi iondolewe. Na kwa kuwa siku ya kunyonga mchawi ni siku ya furaha, watu walikaribishwa karamu kwanza. Ghala lilikuwa halina mfungwa tena, kwa hiyo maboga yote yalipikwa. Walikula jela nzima.

Obadia hakula. Alisimama nyuma ya mabenchi na fimbo mpya ya shaba, macho makavu. Aliona kila kitu: mti, ngazi, na Zipora juu yake, mikono imefungwa nyuma, nywele zimekatwa, shuka ya kufunikia maiti imeshawekwa mabegani. Aliona bakuli la jino chini ya mti, maana kielelezo nacho kililetwa kishuhudie. Askari wa kuondoa ngazi alikuwa amekula kuliko wote.

Mchungaji alianza. Somo, wajibu wa kukesha. Safari hii alikuwa amekariri yote, akafumba macho ili aone maneno vizuri zaidi.

Jua lilikuwa la vuli, jepesi, la kubembeleza. Askari aliketi kwenye kidato cha chini cha ngazi, akafa usingizi. Gavana akakunja uso. Obadia aliinua fimbo, kwa mazoea tu, akapiga hatua mbili kumwendea. Manyoya yalishafika karibu na pua ya Mheshimiwa.

Akasimama hapo. Alimtazama mtu huyu aliyelala na mdomo wazi, kipande cha boga kwenye ndevu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utumishi Obadia hakuona sababu yoyote ya kumwamsha.

Akageuka kuangalia mabenchi. Vichwa vilikuwa vimeinama, safu kwa safu, taifa zima. Akailaza fimbo ya shaba kwenye majani, polepole isilie, akavua viatu, akachukua kisu cha kukatia maboga mezani.

Ili kufika kwenye mti ilimbidi apite katikati ya watu, goti kwa goti, uso kwa uso. Na Obadia alijua kope. Alipita karibu na mchunga nguruwe, kope zikatetemeka. Alipita kwa yule mhunzi wa koleo: amefumba kwa nguvu, uso mzima umejikunja, na hakuna mtu anayelala hivyo. Bi Tubuni alikuwa amefungua jicho moja. Jicho lile lilikutana na la Obadia, likaona kisu, likaona anakoelekea. Likafungwa. Bi Tubuni akaanza kukoroma, mkoromo mbaya kabisa, wa mtu asiyejua kwamba katika kukoroma pumzi huvutwa pia.

Obadia akaelewa. Katika Utakaso kulala bado kulikuwa kosa, lakini sasa kuwa macho kulikuwa uchawi. Mtu anayeona jirani yake ameinamisha kichwa alijua la kufanya: mkatale ni afadhali kuliko kitanzi. Kwa hiyo wachache walilala na waliobaki walifumba, kila mmoja akiogopa kuwa yule mmoja aliye macho.

Mbele, Mchungaji alikuwa ameshachukuliwa na usingizi, mdomo tu ndio ulioachwa kazini. "Kesheni," mdomo ulisema. "Kesheni, kesheni, kesheni." Obadia alijua kwamba hakuna kinachoamsha waumini haraka kama mahubiri kunyamaza. Akaomba, kwa moyo wote, yaendelee.

Akamruka askari. Akapanda. Zipora alimwona, na uso wake haukubadilika. Kisu kilikuwa butu. Kamba ya mikononi ilikatika uzi mmoja mmoja. Alipomvua kitanzi shingoni, alikuta pamechubuka.

"Shika bega langu," alinong'ona.

Zipora alishika ngazi.

Walipita tena kati ya watu, bega kwa bega, na hakuna aliyefumbua macho. Mzee mmoja alivuta miguu yake ndani kidogo, kuwapisha, kama anavyofanya mtu usingizini, au asiye usingizini. Wakatoka uwanjani, wakapita shamba la shayiri lililovunwa, wakafika ukingo wa msitu mahali njia inapoteremkia mtoni. Nyuma yao sauti ya Mchungaji ilitafuta mlango wa kutokea, ikapapasa, ikaupata.

"... na ndivyo itakavyokuwa!"

Na taifa likajibu: "Amina!"

Ilikuwa Amina moja. Haikuwa na vipande, wala kiwiko, wala yule wa mwisho mwenye kuchelewa. Ilitoka kwa pamoja, safi, kwa sauti za watu ambao hawakuwa wamekosa hata neno.

*

Kilichofuata uwanjani kinajulikana. Gavana aliamka, akaona kitanzi kitupu, akatangaza kwamba taifa limelazwa tena na kwamba mchawi ameruka na kuondoka kwa umbo la bata. Bi Tubuni alithibitisha kwamba alimwona, kisha akakumbuka kwamba alikuwa amelala, akathibitisha kwamba aliota. Lakini hukumu ilikuwa imeshatolewa, na mti ulikuwa umeshagharimiwa. Basi walitoa Kielelezo cha Kwanza kwenye bakuli, wakalifunga uzi wa kushonea, wakalinyonga lile jino mbele ya umma mpaka Mchungaji alipolitangaza limekufa. Watu walirudi majumbani wameridhika. Waliosimama karibu wanasema lilikataa kukiri hadi mwisho.

Obadia na Zipora hawakuyaona hayo. Walikuwa wameshavuka mto kwa mawe, maji yakiwafika magotini, na ng'ambo ya pili waliwakuta wenyeji wawili wakivuta nyavu, waliowatazama kwa namna ile ile walivyotazama merikebu. Mmoja wao alionyesha kwa kidole upande wenye moshi na chakula. Hakuuliza kitu.

Waliufuata moshi ule. Jua lilipoanza kwenda upande, Obadia aliishiwa nguvu akaketi kwenye gogo.

"Wale watu," Zipora alisema, amesimama, akiangalia walikotoka. "Ile Amina yao. Kumbe walikuwa macho."

"Wengi wao."

"Wameniona nikishuka."

"Walikuona."

Zipora alishika shingo yake pale palipochubuka. "Basi na siku ya kesi walikuwa macho. Wote waliokuwa kwenye yale mabenchi walijua kwamba walilala wenyewe. Mmoja tu angesema."

Obadia alikuwa ametayarisha maneno njia nzima, ya kuomba radhi, ya kisu na ngazi, ya kwamba mwishowe alikuja. Yalikuwa maneno mengi mazuri. Alimtazama mkewe usoni akaona hayafai kitu.

"Nisamehe," alisema tu.

Zipora akavua shuka aliyopewa kule kwenye ngazi, ya kufunikia maiti, akamwekea mabegani, maana Obadia alikuwa anatetemeka. Akaenda kukaa upande wa pili wa gogo, amempa mgongo, uso umeelekea njia.

"Lala wewe," alimwambia. "Umezoea. Mimi nitakuwa macho."